Safari ya Matumbo Matatu: Kutoka Mbale Hadi Kampala

Katika gazeti letu hili nimesoma habari nyingi za michezo, za midahalo na za safari za kwenda kutazama wanyama. Lakini habari za chakula sijazisoma hata mara moja, ijapokuwa ndizo tunazozizungumza kuliko zote bwenini, hasa jioni za posho na maharagwe. Kwa hiyo nimeona nijaribu mimi. Nataka kuwaeleza vyakula tulivyovila njiani na mjini katika likizo ya mwezi wa Mei, mimi na wenzangu wawili, namna vinavyopikwa, na asili yake. Mwishoni nitasema jambo moja langu mwenyewe ambalo nimelificha tangu mwaka 2022. Msirukie huko kwanza. Kila mlo una zamu yake.

Tulikuwa watatu. Mmoja ni Mwacholi, kwao ni Gulu. Wa pili ni Mganda, kwao ni Kampala, naye ndiye aliyetualika, kwa ruhusa ya mama yake. Wa tatu ni mimi, Mgisu wa mlimani. Tulitaka pia kukiona Chuo Kikuu cha Makerere kwa macho yetu, kwa kuwa sote tuko darasa la sita na kila mmoja wetu ana tumaini lake.

Siku ya kuondoka mama yangu alinipa furushi, akasema mgeni haendi kwa watu mikono mitupu. Ndani yake mlikuwa na malewa. Kwa wale wasioyajua, malewa ni machipukizi ya mianzi inayoota juu katika Mlima Elgon, ambao sisi Wagisu tunauita Masaba. Wakati wa mvua mianzi huchipua, na watu hupanda kwenda kukata machipukizi yakiwa bado laini. Kisha huyakausha kwa moshi juu ya moto mpaka yawe na rangi ya kahawia, magumu kama kuni. Yakikauka hivyo hukaa muda mrefu bila kuharibika, ndiyo maana huweza kuchukuliwa sokoni na hata safari za mbali. Siku ya kuyapika hulowekwa, yakachemshwa mpaka yalainike, yakakatwakatwa, kisha yakatiwa katika mchuzi wa karanga zilizosagwa. Ladha yake ni ya moshi na karanga pamoja. Katika sherehe za Bugisu, karamu isiyo na malewa huonekana kama haikukamilika.

Tulipopanda basi, yule mwenzangu wa Gulu alinusa furushi langu, akauliza kama nimebeba kamba zilizoungua. Nikamwambia, “Ngoja tufike.”

Basi letu lilifuata njia ya Tirinyi, tukapita mabonde ya mpunga, tukatokea Iganga, na baadaye Jinja. Hapo tulivuka mto Nile juu ya daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018, lile linaloning’inizwa kwa nyaya kubwa nyeupe. Baada ya mashamba ya miwa na msitu wa Mabira, mtu aliyekaa mbele yetu alianza kufungua dirisha, na wengine wakamfuata. Mwenzetu Mganda akasema, “Tayarisheni fedha. Tunakaribia Namawojjolo.”

Namawojjolo ni mahali katika wilaya ya Mukono, kando ya barabara kuu ya Jinja kwenda Kampala. Msafiri wa Uganda hulijua hata akiwa usingizini, kwa harufu yake. Gari likisimama tu, wauzaji huja mbio kuzunguka madirisha, kila mmoja amenyosha mkono juu. Huyu ana mapaja ya kuku yaliyochomekwa vijitini, huyu ana nyama ya ng’ombe, huyu ana gonja, huyu chapati, huyu chupa za maji. Nyama ile ya vijitini katika Uganda yote huitwa muchomo. Mwanafunzi wa Kiswahili atatambua mara moja kuwa neno hilo ni letu la mchomo, lililofika huko na kupata kiti.

Gonja ni ndizi kubwa, jamaa ya ile ambayo wengine huiita mkono wa tembo. Huachwa mpaka iive na kuanza kuwa ya manjano, humenywa, kisha huchomwa polepole juu ya makaa, ikigeuzwa mara kwa mara. Moto ukiwa mkali nje huungua na ndani hubaki mbichi. Gonja iliyochomwa na mtu anayeijua kazi ni ngumu kidogo kwa nje, tamu na laini ndani, na utamu wake wala si wa sukari, ni wake yenyewe.

Mimi nilinunua kuku wa vijiti viwili na gonja tatu, jumla shilingi 13,000, nikatoa noti ya 20,000. Muuzaji, kijana wa umri wangu, alipokwenda kutafuta chenji, dereva akatia gari moto tukaondoka. Mwenzangu wa Gulu akacheka, akasema, “Kuku wako amekuwa wa bei ya mjini.” Mara tukasikia watu wa nyuma wakipiga kelele. Yule kijana alikuwa akikimbia kando ya basi kwa nguvu zake zote, akafaulu kumtupia abiria wa kiti cha mwisho noti zilizokunjwa. Zikapita mkono kwa mkono mpaka kwangu. Nilizihesabu: shilingi 7,000 kamili. Nilitoa kichwa dirishani kumshukuru, lakini alikwisha geuka kulikimbilia gari jingine.

Nawapa wasafiri mashauri matatu. Kwanza, chukua fedha ndogondogo, usimkimbize mtu bure. Pili, chagua kilichotoka motoni sasa hivi. Nyama inayong’aa kwa mafuta yaliyopakwa yawezekana imepashwa moto mara nyingi. Tatu, nawa mikono, au angalau shika kijiti wala usiishike nyama.

Tulifika Kampala alasiri. Nyumbani kwa mwenzetu tulipokewa kwa heshima kubwa, na mama yake alilishika furushi langu kwa mikono miwili. Kesho yake mchana alituandalia luwombo, na hapo nilielewa kwa nini Waganda hujivunia mapishi yao.

Luwombo hupikwa hivi. Huchukuliwa jani changa la mgomba, likapitishwa juu ya moto taratibu mpaka lilainike lisipasuke. Mshipa mnene wa katikati hupunguzwa kwa kisu. Ndani ya jani hutiwa kuku, au nyama, au mchuzi wa karanga na samaki mkavu, pamoja na viungo vichache. Kisha jani hukusanywa juu na kufungwa kwa uzi wa mgomba, likawa kama mfuko. Mifuko hiyo hupangwa katika sufuria pamoja na matoke, yaani ndizi zilizomenywa na kufungwa vilevile katika majani, ikafunikwa kwa majani mengine, ikapikwa kwa mvuke kwa saa nyingi. Husimuliwa kuwa mapishi haya yalianza katika jumba la Kabaka Mwanga wa Pili, mwaka 1887, kwa ubunifu wa mpishi wake. Kila mtu hupewa mfuko wake mwenyewe na kuufungua mezani. Mvuke ule wa kwanza unaopanda usoni, mtu haufahamu mpaka umpate.

Jjajja wa mwenzetu, yaani bibi yake, alikula pamoja nasi mkekani. Alituambia kwamba kwa desturi ya zamani ya Buganda mwanamke hakula kuku wala mayai, ingawa yeye ndiye aliyempika kuku huyo. Desturi hiyo sasa imekwisha. Akachukua paja lililobaki, akasema, “Mimi nalipa deni la mama zangu.” Sote tukacheka, naye akala.

Jioni yake mama mwenye nyumba aliniita jikoni nimweleze jinsi ya kupika malewa. Nilimweleza kama nilivyomwona mama yangu akifanya, na siku ya pili tukayala. Mwenzangu wa Gulu, aliyesema ni kamba zilizoungua, aliongeza mara mbili. Sikumkumbusha maneno yake, ila nilimtazama.

Zamu yake nayo ilifika. Katikati ya mji kuna mahoteli madogo ya chakula cha kaskazini, na humo alitupeleka kula malakwang. Hiyo ni mboga ya majani yenye uchachu, ambayo Waacholi na Walango huipika kwa odii, yaani mseto laini wa ufuta na karanga, wakaila kwa viazi vitamu. Uchachu wa majani, mafuta ya ufuta na utamu wa viazi hukutana kinywani kama watu watatu waliogombana, kisha wakapatana. Mwenzetu huyo ni mtu mkimya sana darasani, lakini siku hiyo alizungumza tangu tulipokaa mpaka tulipolipa. Alitueleza habari za mama yake, za shamba lao, na za jinsi ufuta unavyopepetwa. Nimekaa naye bweni moja mwaka mzima na zaidi, lakini hayo nilikuwa sijayasikia.

Siku ya nne tulikwenda Makerere. Tuliliona jengo kuu lenye mnara wa saa, tukatembea chini ya miti, kila mmoja akanyamaza na mawazo yake. Chuo hicho kilianza mwaka 1922, na wakubwa wengi wa Afrika ya Mashariki walipita humo. Njaa ilipotukumbuka tuliteremka mpaka Wandegeya, mtaa ulio chini ya kilima, maarufu kwa chakula kiitwacho rolex.

Wasomaji walio mbali wasidhani kuwa tulikula saa ya mkononi. Jina hilo limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyokunjwa, na kwa kuwa hutamkwa upesi likafanana na jina la saa za Uswisi. Rolex ni chapati iliyokunjwa pamoja na mayai ya kukaanga. Wengi husema kuwa ilienezwa na wauzaji waliotoka Busoga, na kwamba wanafunzi wa Makerere, wasio na muda wala fedha nyingi, ndio waliofanya ipendwe hapo Wandegeya. Leo huuzwa karibu kila mji wa Uganda, na mwaka 2016 iliandaliwa sikukuu yake Kampala.

Chapati yenyewe ni mgeni aliyekuwa mwenyeji. Ilikuja na watu wa Bara Hindi, hasa wakati wa kujengwa reli kutoka Mombasa, kazi iliyoanza mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na baadaye pamoja na wenye maduka walioenea mijini. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Wahindi wengi katika nchi. Watu waliondoshwa, lakini chapati ilibaki katika mikono ya Waafrika.

Sasa nieleze namna ya kuifanya. Unga wa ngano hutiwa chumvi, mafuta kidogo na maji ya vuguvugu, ukakandwa mpaka uwe laini kama ncha ya sikio. Hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu upumzike, nusu saa au zaidi. Usipopumzika, chapati hujivuta na kurudi nyuma kila unapoisukuma, na mwisho hupasuka. Kisha hugawanywa katika madonge, hupakwa mafuta, husukumwa, huwekwa juu ya bamba la chuma lililopata moto. Mayai mawili huvunjwa katika kikombe, yakapigwa pamoja na kitunguu, kabichi iliyokatwa nyembamba na chumvi, yakamwagwa juu ya bamba. Kabla hayajakauka, chapati hulazwa juu yake vishikane. Hugeuzwa, huwekwa vipande vya nyanya, hukunjwa, huviringishwa katika karatasi. Asiye na fedha ya mayai hununua kikomando, nayo ni chapati iliyokatwa vipande na kumwagiwa maharagwe.

Tuliposimama mbele ya meza ya muuzaji mmoja, watu walikuwa wengi na yeye alikuwa peke yake. Mara chapati ikapasuka mikononi mwake, na ya pili ikapasuka. Hapo mwenzetu Mganda akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana, “Tusome jamani. Hii ndiyo kazi ya walioshindwa shule.” Yule wa Gulu akatabasamu. Na mimi, wasomaji, nilitabasamu pia. Kisha uso wangu ukapata moto kama lile bamba.

Sikuweza kuvumilia. Nikamwambia muuzaji, “Ssebo, unga wako haukupumzika. Ufunike kidogo, kaanga kwanza yale madonge ya chini, ndiyo ya zamani.” Alinitazama, akainamisha kichwa chini ya meza, akayatoa yale madonge, akanisogezea kifimbo cha kusukumia. Akasema, “Basi saidia, mtu wa shule.” Nikanawa mikono, nikasukuma. Nilisukuma chapati nane, zote mviringo, wala haikupasuka hata moja. Wenzangu walisimama midomo wazi. Muuzaji alitupa rolex tatu kwa bei ya mbili, tukaenda kukaa juu ya ukuta mfupi, na hapo ndipo nilipowaambia jambo ambalo sasa nawaambia ninyi.

Mnakumbuka kwamba mwezi wa Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mimi nilikuwa nimeanza tu darasa la kwanza la sekondari. Mwaka 2021 madarasa mengine yalirudi kwa muda, yakafungwa tena mwezi wa Juni, na mpaka Januari 2022 ndipo shule zilipofunguliwa kwa wote. Karibu miaka miwili ilipita. Mwalimu wangu wa shule ya msingi alikuwa akifundisha katika shule ya binafsi, na shule hiyo iliishi kwa karo. Wanafunzi walipokosekana, karo ilikosekana, na mshahara ukakosekana. Mwalimu hakukaa chini kulia. Alinunua bamba la chuma, jiko la makaa na unga, akaweka meza kando ya barabara kwetu. Alinikuta nikizurura, akaniita. Yeye ndiye aliyenifundisha kukanda, na unga ukiwa umepumzika alinifundisha hesabu kwa mkaa juu ya ubao wa meza. Kila juma alinipa fungu langu. Shule zilipofunguliwa, fungu hilo ndilo lililonunua madaftari, godoro na sehemu ya karo yangu.

Mwalimu hakurudi kufundisha. Meza yake ipo mpaka leo. Nami mwaka huo wa 2022, nikiwa katika mavazi ya shule pamoja na wanafunzi wenzangu, nilipita mbele ya meza ile. Aliinua mkono kunisalimu. Nilijifanya sikumwona, nikageuza uso kama mtu anayetazama gari. Toka siku hiyo nikawa nazunguka njia nyingine.

Nilipokwisha kusema, mwenzetu Mganda hakusema kitu. Baadaye kidogo alisimama, akarudi kwa muuzaji, akamlipa ile rolex ya tatu.

Tuliporudi Mbale niliteremka kwenye basi, sikuzunguka. Ilikuwa jioni, na Mwalimu alikuwa akipepea makaa. Nikamsalimu, “Shikamoo, Mwalimu.” Akaitikia, “Marahaba,” akanitazama kwa muda. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi ya kuomba radhi, na yote yakapotea. Nikasema tu, “Mwalimu, nilikuona siku ile.” Akajibu, “Najua.” Kisha akauliza, “Mtihani wenu ni lini?” Nikamwambia ni mwisho wa mwaka. Akasogeza beseni ya unga upande wangu, akasema, “Kanda huu, huku unanieleza mnafundishwa nini katika hesabu.”

Nilikanda mpaka usiku. Tangu hapo, kila likizo nipo pale jioni, na mwanafunzi yeyote wa shule yetu atakayepita anakaribishwa. Chapati ni za moto, unga umepumzika, na mwenye swali la hesabu anaweza kuliuliza.

Mwanafunzi wa Darasa la Sita